Msalaba Mwekundu Hauko kwenye Orodha

Hotuba hii, kuhusu jina la Msalaba Mwekundu kwenye intaneti, ilitolewa Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 8 Mei, mbele ya vijana wa huduma ya kwanza, wanafunzi wa informatiki na wazee wa mitaa. Wengi waliokosa nafasi ukumbini waliomba maneno yote, kwa hiyo tunayaweka yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Jambo yenu nyote!

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, vijana wa jile nyeupe, hivyo vizibao vyenu vya Msalaba Mwekundu, na nyinyi wanafunzi mliojazana kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaojiandaa kutoroka: aksanti kwa kuja. Nimepewa dakika arobaini. Fundi wa jenereta ameniambia mafuta ni ya dakika thelathini. Basi tutamfuata fundi.

Mimi si daktari na si mwanasheria. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti na kuzitunza, na Jumamosi navaa jile kama hizi zenu. Ndiyo maana nimeitwa, kwa sababu hizo kazi mbili zimegongana, na nataka niwaeleze zilivyogongana.

Naanza na kitambaa. Januari 2025, mji huu ulipofunga milango kwa vita na kila mtu akalala chini ya kitanda chake, nani alikuwa barabarani akiokota maiti? Nani aliyebeba majeruhi mpaka hospitali ambazo zilikuwa zimejaa hadi kwenye varanda? Mnawajua. Wengine wako humu ndani, hawapendi kutajwa. Hawakuwa na bunduki. Hawakuwa na gari la chuma. Walikuwa na kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu.

Sasa niambieni: kitambaa kinazuiaje risasi?

Hakizuii. Hakuna kitambaa kinachozuia risasi. Ulinzi wa kitambaa hauko kifuani mwa anayekivaa, uko kichwani mwa yule aliyeshika bunduki. Ni yeye anayeona msalaba na kujiambia: huyu simpigi, huyu hana upande, kesho huenda akanibeba mimi. Siku kichwa hicho kikiingiwa na shaka, kitambaa kinabaki kitambaa. Mniwekee neno hilo, nitalirudia.

Tumekutana leo Mei 8 kwa sababu tarehe hii, mwaka 1828, alizaliwa Geneva mtu aliyeitwa Henry Dunant. Alikuwa mfanyabiashara. Juni 1859 alisafiri kwenda Italia ya kaskazini akimtafuta Kaisari Napoleon III amsaidie katika shida za biashara yake ya Algeria. Shida za biashara, kama zenu na zangu! Alifika karibu na Solferino siku ya vita, tarehe 24, akakuta uwanja wenye maiti na majeruhi wapatao 40,000. Aliacha biashara, akaingia kanisani katika mji wa Castiglione, akaanza kunywesha watu maji pamoja na wanawake wa pale. Wanawake hao walikuwa wakisema maneno mawili ya Kiitaliano, tutti fratelli, wote ni ndugu, na walimfunga vidonda Mfaransa na Mwaustria bila kuuliza.

Lakini kuna jambo moja la siku zile ambalo watu hawalisimulii sana. Kila jeshi lilikuwa na rangi yake ya kuonyesha hospitali, na askari wa upande wa pili hakuzijua rangi hizo. Utamheshimu vipi mganga wa adui kama hujui ni mganga? Ndiyo maana mwaka 1863 watu walipokutana Geneva walitafuta alama moja kwa wote. Wakachukua bendera ya Uswisi, wakageuza rangi zake. Agosti 22, 1864, mkataba wa kwanza ukatiwa saini. Waturuki walianza kutumia hilali nyekundu katika vita vya 1876, na Desemba 2005 ikaongezwa kristali nyekundu, ile kama almasi iliyosimama kwenye ncha yake, kwa wasiotaka msalaba wala hilali. Nchi yetu imo ndani ya Mikataba ya Geneva tangu 1961, na mkataba wa kwanza wa 1949, kifungu cha 44 na cha 53, unakataza mtu, duka, kampuni au chama kisichohusika kutumia nembo hii au hata jina lake. Sikieni vizuri: au hata jina lake. Wazee wale hawakuijua intaneti, lakini neno «jina» waliliandika.

Mjomba wangu hakusoma kifungu cha 53.

Mjomba wangu alikuwa na duka la dawa mtaa wa Birere. Alipolifungua alipaka mlango wa bati rangi nyeupe, katikati akachora msalaba mwekundu mkubwa unaoonekana toka ng'ambo ya barabara. Akafurahi sana. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye jile kuukuu, akanunua vidonge vya kichwa, akalipa, kisha akasema: «Muzee, huu msalaba si wako.» Mjomba akawaka: «Mimi pia naponya watu!» Yule mzee hakugomba. Alimwuliza tu: «Watu wenye silaha wakija usiku kuvunja duka lako, na wakakuta msalaba mwekundu maana yake ni vidonge vya kuuza, kesho wakiona msalaba huo kwenye gari la majeruhi watafikiri nini?»

Mjomba alikaa siku tatu amenuna. Siku ya nne alinunua rangi ya kijani, kopo dogo, maana alikuwa mchoyo kidogo, Mungu amrehemu. Kijani juu ya nyekundu mnajua inatoa nini? Kahawia. Duka la dawa lenye msalaba wa rangi ya udongo! Ulikaa hivyo misimu miwili ya mvua, na watoto wa mtaa walituita familia ya msalaba wa matope. Lakini hoja ya yule mzee ilikuwa imemwingia.

Mtasema, mjomba alikosea kwa ujinga na kwa nia njema. Je, nia njema inatosha? Twende Kolombia. Julai 2, 2008, jeshi la nchi hiyo lilituma helikopta msituni, ndani wanajeshi waliojifanya watu wa misaada. Waasi waliamini, wakawapakia mateka wao, na hakuna risasi iliyolia. Mateka 15 waliokolewa siku hiyo, mmoja wao Ingrid Betancourt, aliyekuwa amewania urais. Nani asingepiga makofi? Hata mimi nilipiga. Halafu picha zikatoka, ikaonekana mmoja wa wale wanajeshi alivaa nembo ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Rais Álvaro Uribe alikiri hadharani na kuomba radhi kwa Kamati hiyo. Rais, baada ya ushindi, anaomba radhi kwa ajili ya kitambaa! Kwa nini? Kwa sababu toka siku ile, mpiganaji yeyote katika msitu wowote anaweza kuangalia helikopta yenye nembo na kujiuliza: hawa ni wale wa kweli, au ni wale wengine?

Na sisi wa upande huu wa nchi hatuhitaji kwenda Kolombia. Aprili 26, 2001, huko Ituri, si mbali na Bunia, wafanyakazi sita wa Kamati hiyo waliuawa njiani. Magari yao yalikuwa na nembo, yalionekana wazi. Oktoba 2018, wakati wa Ebola, vijana wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakifanya mazishi salama walishambuliwa Butembo na kujeruhiwa, kwa sababu watu walikuwa wameaminishwa mambo kuhusu wao. Nimewaambia: ulinzi uko kichwani mwa anayekutazama.

Sasa tufike kwenye simu zenu. Zitoeni, msiogope, leo naruhusu.

Mnakumbuka Mei 22, 2021, Jumamosi jioni, volkano yetu ya Nyiragongo ilipofunguka na anga ikawa nyekundu. Siku tano baadaye tukaambiwa tuondoke, na mji ukamwagika njiani kuelekea Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Jirani yangu wa Ndosho, mjane, alirudi akakuta nyumba imesimama lakini kazi hakuna. Ujumbe ukaingia WhatsApp: Msalaba Mwekundu unaajiri watu mia mbili kwa ajili ya wahanga wa volkano, jaza dosye, yaani faili la maombi, hapa. Akabonyeza.

Alipokuja kunionyesha tayari yalikuwa yamemkuta. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, na ufa ulipita katikati kabisa ya ule msalaba, toka pembe hadi pembe. Tovuti ilikuwa safi. Kifaransa hakina kosa. Picha ya jeep nyeupe. Kikufuli kidogo kile cha juu kipo, na watu wanadhani kikufuli maana yake ni uaminifu. Hapana ndugu zangu, kikufuli maana yake ni kwamba mnachoongea na mwizi hakisikilizwi na mtu wa tatu. Nikasoma anwani. Jina la nembo kwa Kifaransa, kistari, neno lenye maana ya ajira, nukta, org. Alikuwa ametuma dola 10 za dosye kwa simu, halafu dola 5 za «uchunguzi wa daktari». Halafu kimya.

Nikafanya kile tunachofanya sisi mafundi, nikatazama kumbukumbu za usajili wa jina lile. Lilisajiliwa Mei 26. Siku nne baada ya mlima kulipuka. Watu bado wanakohoa majivu, mtu mahali fulani ameshanunua jina! Mwenye jina: amefichwa. Nchi: haina maana. Bei: ya soda chache.

Dola 15. Mtasema, ni hasara, lakini watu wamepoteza zaidi. Subirini. Dada yake huyu mama alikuwa amepotezana na mwanawe wa miaka saba njiani, katika ule msongamano. Majuma mawili baadaye vijana wa jile, wa kweli, walipita nyumba kwa nyumba na daftari, wakiandika majina ya watoto waliopotea ili wawatafutie wazazi. Kazi hiyo Msalaba Mwekundu umeifanya vita baada ya vita. Walipofika mlangoni, jirani yangu alisimama katikati ya mlango akasema: «Majina yetu hatutoi. Namba ya simu hatutoi. Hata nyinyi ni wale wale.» Na yule dada, ndani, akanyamaza kwa sababu mkubwa wake ameshasema.

Mtoto alikuwa Sake, kwa familia iliyompokea. Kilomita ishirini na kitu. Alikaa huko siku kumi na tisa zaidi, mpaka kijana mmoja wa jile aliporudi kwa mara ya tatu, safari hii akiwa na mchungaji wa mtaa.

Kwa hiyo nani alilipa? Mwizi alichukua dola 15, lakini zile siku kumi na tisa zililipwa na mtoto. Aliyefungiwa mlango hakuwa mwizi. Ni hawa walioketi hapa.

Haya si ya Goma tu. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani Agosti 2005, maelfu ya majina ya tovuti yenye jina la kimbunga yalisajiliwa ndani ya muda mfupi, na polisi wa FBI walianza kuwasaka waliokusanya michango ya uongo. Maafa yakitangazwa, majina yananunuliwa. Ni biashara ya msimu, kama senene.

Wanafunzi wa nyuma, sehemu hii ni yenu, msisinzie. Jina la tovuti, jina la kikoa kwa Kiswahili cha vitabuni, domeni kama tunavyosema sisi, halina mwenyewe wa kuzaliwa naye. Unaenda kwa msajili mtandaoni, unaandika jina, ukikuta liko huru unalipa dola kumi au kumi na tano kwa mwaka, limekuwa lako. Anayewahi ndiye mwenye nalo. Hakuna anayekuuliza: wewe ni nani? Kwa nini unataka jina la msalaba? Hata ile «org» ya mwisho, ambayo watu wetu wanadhani ni cheti cha shirika, inauzwa kwa yeyote.

Juu ya wasajili hao wote kuna shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1998, linaitwa ICANN. Ndilo linalotunga kanuni za zile herufi za mwisho zisizo za nchi, com, org, info na wenzao. Mwaka 2012 walifungua mlango wa herufi mpya. Kabla ya hapo zilikuwa 22 tu. Maombi 1,930 yakaingia! Leo ziko zaidi ya elfu moja, na kila moja ni soko jipya ambamo jina la Msalaba Mwekundu linaweza kununuliwa na mtu asiyehusika.

Serikali zikapiga kelele kabla mlango haujafunguka. Juni 2011 bodi ya ICANN ilikubali kulinda kwa muda majina ya Msalaba Mwekundu na ya Kamati ya Olimpiki. Msishangae Olimpiki kuingia hapa, hata zile pete tano zina mkataba wake wa kimataifa, na mkataba huo ulitiwa saini hapo Nairobi mwaka 1981. Mimi sijazoea kuona mbio na majeruhi kwenye mstari mmoja, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo, mabishano. Wengine walisema: mkiwapa hawa, kesho kila shirika la hisani duniani litakuja na jina lake. Wengine: kuna watu wanaotumia maneno hayo kihalali tangu zamani. Na ni kweli, kampuni ya Johnson & Johnson ilianza kutumia msalaba mwekundu kwenye bidhaa zake mwaka 1887, na mwaka 2007 iliushtaki Msalaba Mwekundu wa Marekani mahakamani, wakapatana mwaka uliofuata. Jibu la watu wa Msalaba Mwekundu lilikuwa moja: sisi hatulindi alama ya biashara. Alama ya biashara ikichezewa, mtu anapoteza wateja. Nembo hii ikichezewa, mtu anapoteza roho yake. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda, polepole sana. Mwaka 2014 maneno yenyewe ya nembo yakapata kinga ya kudumu. Januari 2019 bodi ya ICANN ikakubali majina kamili ya vyama vya kitaifa 191, pamoja na ya Kamati ya Kimataifa na ya Shirikisho la vyama hivyo. Agosti 1, 2020, kanuni ikaanza kubana wasajili wote wa herufi hizo.

Miaka tisa, toka ile Juni. Kwa orodha ya majina!

Sisemi kwa kejeli. Waliopigana vita hiyo vyumbani, na karatasi zao, wamefanya kazi ile ile ya yule mzee wa jile kuukuu kwenye duka la mjomba. Lakini nataka mtazame orodha yenyewe, na mniambie kama jirani yangu wa Ndosho angepona.

Orodha inalinda jina likiandikwa lilivyo, pamoja na vibadala vichache vilivyotajwa. Ukiongeza kistari na neno «ajira», si jina lile tena, lipite. Vifupisho kama CICR, yaani Kamati ya Kimataifa kwa Kifaransa, herufi ambazo Goma nzima inazijua kwa sababu zimeandikwa kwenye jeep, havikuingia katika kinga hiyo kama majina kamili. Aliyekuwa na jina kabla ya kanuni hakunyang'anywa. Na herufi za nchi hazimo kabisa, maana kila nchi inajitawala katika zake. Zetu ni CD. Wenye umri wangu mnakumbuka tulikuwa na ZR ya Zaire, ikafutwa kabisa mwaka 2001, na wauza muziki wa ng'ambo wakaipenda sana hii CD yetu kwa sababu wanazozijua wao. Kinga ya jina la Msalaba Mwekundu ndani ya CD haitoki ICANN, inatoka kwetu. Nani kwetu ameshaiuliza? Tuna Kanuni ya dijitali ya Machi 13, 2023, inayo sehemu nzima ya makosa ya mtandaoni. Wanasheria vijana, kuna kazi hapo, na wala haihitaji viza.

Lakini tundu linaloniumiza mimi ni jingine. Maneno ya nembo, Croix-Rouge, Red Cross na wenzao, yanalindwa kwa lugha ngapi? Sita. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kirusi. Vyama vya kitaifa navyo vinalindwa kwa Kiingereza na lugha rasmi ya nchi, na ya nchi yetu, kwa Katiba, ni Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Ya taifa, si rasmi. Tofauti ndogo, mtasema. Mpaka mtu atumie tofauti hiyo kama mlango.

Kiswahili chenye wasemaji zaidi ya milioni 200! Kiswahili chenye siku yake duniani, Julai 7! Katika zile lugha sita hakimo. Haya maneno mawili, msalaba mwekundu, ambayo mama anayasema akiwa na mtoto anayetoka damu, mtu anaweza kuyanunua katika soko lolote kati ya hayo elfu moja, na kanuni ya nembo isimzuie.

Niliwaeleza haya vijana fulani wiki iliyopita, na mama mmoja aliyekuja kuchukua mwanawe akanikata kauli. Yuko hapa, amekaa safu ya mbele, ananitazama kwa jicho kali. Akasema: «Mwanangu, wewe nawe unaongea kama kitabu. Nani kule kijijini Kibumba anasema msalaba mwekundu? Sisi tunasema Kurwaruji.»

Ndiyo Croix-Rouge hiyo, kwa masikio yetu. Amenimaliza. Kwa sababu ni kweli! Mtu akianguka kwenye pikipiki pale Entrée Présidence, motari hapigi kelele «leteni Kamati ya Kimataifa.» Anasema «ita Kurwaruji!» Na akiandika kwenye simu anaandika anavyosikia, kwa K, kwa C, kwa Z, kwa J. Tapeli anayekaa kwetu analijua hilo kuliko Geneva. Hatanunua jina lililo kwenye orodha, atanunua lile lililo mdomoni mwako.

Tunafanyaje, basi?

Kwanza niwaambie kwa nini tusisubiri kesi. Utaratibu wa kulalamikia jina uko tangu 1999. Lakini umejengwa kwa ajili ya wenye alama za biashara, na ukienda kwa waamuzi wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu, ada ya jina moja kwa mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Kununua jina, dola 10. Kulirudisha, 1,500. Mwizi akinunua majina kumi mtaweza? Hata mimi sitaweza.

Kuna njia fupi zaidi. Tangu Aprili 5, 2024, mikataba ya ICANN inawalazimu wasajili kuchukua hatua wakipewa ushahidi wa kutosha kwamba jina linatumika kunasa watu na kuiba taarifa zao. Ushahidi wa kutosha, siyo hasira. Kwa hiyo ukiona tovuti ya uongo usiisambaze kwenye makundi ukiandika «jihadharini», maana nusu ya watu wanabonyeza kabla ya kusoma. Piga picha ya kioo, anwani ya juu ionekane yote. Andika siku na saa. Andika namba iliyoombwa pesa. Peleka kwa ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu nawe na kwa msajili wa jina lile, ambaye hawa wanafunzi wanajua kumtafuta kwa dakika moja. Nimewahi kuona jina likizimwa ndani ya siku mbili. Nimewahi pia kuona likikaa miezi, siwadanganyi, lakini hilo lilikuwa limetumwa bila picha hata moja.

Kwa mama zangu nina sentensi moja tu, na naomba iende sokoni Virunga kabla yangu: Msalaba Mwekundu hauuzi kazi. Hauombi pesa ya dosye, hauombi pesa ya daktari, hauombi pesa ya chochote ili ukuajiri. Anayeomba si wao. Narudia kwa ajili ya walio dirishani: anayeomba pesa, si wao!

Na nyinyi vijana wa jile, mkifungiwa mlango, msikasirike. Msimwambie mama «wewe hujui kitu.» Anajua sana, alilipa kujua. Rudini mara ya pili, rudini mara ya tatu, chukueni mchungaji, chukueni shehe, chukueni nyumbakumi.

Jenereta imeanza kukohoa, mmesikia. Nimalizie na kazi.

Kule mlangoni kuna meza, juu yake daftari lenye jalada la bluu. Tunataka kila namna ambayo watu wa hapa wanaliandika jina hili, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa cha kusikia, kwa Kinande, kwa Kihavu, kwa Kinyarwanda, kwa makosa yote ya simu zenye kioo kilichopasuka. Daftari likijaa tutalipeleka kwa chama chetu cha kitaifa pamoja na ombi: haya yasajiliwe kabla ya wengine, au angalau yachunguzwe kila juma. Wanafunzi wanne wameshajitolea kuyachunguza, na nimewaahidi mega za intaneti za mwezi mzima, kwa hiyo wanne wengine wakija sitawafukuza lakini mega watajinunulia.

Mimi nimeandika mbili tu, msalaba mwekundu na musalaba mwekundu. Mama wa safu ya mbele ndiye anafungua mstari wa tatu. Mpisheni apite.